Gia zinagoma: ni oili, ni klachi, au ni chuma chenyewe?

Mafinga, mwezi wa Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Land Rover 109 Series III imelala nje usiku kucha, kioo kimejaa umande, na mkono wa gia umekaza kana kwamba umechimbiwa kwenye saruji. Namba moja inaingia kwa kusukumwa na mikono miwili. Namba mbili inakataa kabisa. Ukilazimisha, inakwaruza mpaka mwili unasisimka. Wiki moja kabla, gari hilohilo lilikuwa likipita foleni za Dar es Salaam bila shida. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Nililipeleka gereji kumwaga oili, fundi akaniambia, "Mzee, gari ya zamani hii, tuiwekee mia na arobaini. Nzito, itailinda." Alimaanisha oili ya gia namba 140. Nikaitikia. Nilikuwa nimeshalipia kabla sijauliza swali lolote.

Nimeandika haya kwa ajili ya wenye magari ya zamani yenye gia za mkono. Mfano wangu mkuu ni Land Rover Series kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu mpaka uvunguni, lakini mwenye Volkswagen Beetle, Peugeot 504 au Datsun atapata lake. Oili husingiziwa makosa mengi ambayo si yake, na ikiwa yenye kosa kweli, mara nyingi ni kwa sababu mtu alinunua iliyo "bora zaidi" au "nzito zaidi" kuliko ile giaboksi ilivyoundwa kuitumia. Kwa hiyo tuanze na dalili, dukani tutakwenda baadaye.

Gia hazitaki kuingia gari likiwa linaunguruma

Zima injini. Kanyaga klachi, pitisha gia zote: moja, mbili, tatu, nne, rivasi. Kisha washa injini, iache iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta, urudie. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa inawaka, usinunue oili. Klachi haikati, yaani haiitenganishi injini na giaboksi.

Kuna kipimo cha pili, na hiki hakihitaji spana wala jeki. Rivasi ya Land Rover hizi haina sinkro (pete inayolinganisha mwendo wa gia na shafti kabla hazijashikana), kwa hiyo haina kitu cha kuificha klachi mbovu. Gari likiwa limesimama, injini inawaka, mkono wa gia uko nyutro, kanyaga klachi mpaka chini na uhesabu taratibu mpaka kumi. Ndani ya hesabu hiyo shafti ya kuingilia, inayoleta nguvu ya injini kwenye giaboksi, inatakiwa iwe imepoteza mwendo. Sasa ingiza rivasi. Ikiingia kimya, klachi inakata. Ikikwaruza, kuna kitu bado kinaizungusha shafti: aidha diski ya klachi haiachii, au ile bushi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, imekauka na kushika.

Klachi ya Series III inasukumwa na mafuta ya breki, kwa hiyo angalia kwanza kikopo cha mafuta, kisha mpira wa chini, kisha silinda ya chini pale kwenye giaboksi kama imelowana. Ukipampu pedali mara tatu nne na gia ikaingia, ndani kuna upepo au sili zimechoka. Toa upepo, badilisha sili, na hapo umemaliza kazi bila kugusa oili ya gia. Nimeona watu wakimwaga oili mara mbili na kushusha giaboksi mara moja kwa sababu ya mpira wa klachi uliovimba kwa ndani. Inauma kuona pesa ya mtu ikienda hivyo.

Gia ngumu asubuhi, jua likipanda inalainika

Hii ndiyo iliyonikuta Mafinga, na hii kweli ni ya oili. Kipimo cha injini kuzimwa kitakuonyesha tofauti: hapa mkono wa gia unakuwa mgumu hata injini ikiwa imezimwa, kisha baada ya kilomita kumi au kumi na tano unaanza kulegea wenyewe.

Sababu ni mnato, yaani ugumu wa oili kutiririka. Watu wengi huchanganyikiwa na namba kwa kudhani kwamba oili ya gia namba 90 ni nzito maradufu ya oili ya injini namba 50. Siyo. Oili ya gia hupimwa kwa mizani ya SAE J306 na ya injini kwa SAE J300. Ni mizani mbili tofauti. Oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, namba 90 ya gia ina mnato wa kati ya 13.5 na 18.5 kwa kipimo cha sentistoki. Oili ya injini namba 40 ni kati ya 12.5 na 16.3, na namba 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. Maana yake tisini ya gia iko palepale ilipo oili ya kawaida ya injini. Mia na arobaini inaanzia 24 na kwenda mpaka 32.5. Kwa hiyo fundi anayekutoa kwenye tisini na kukupeleka kwenye mia na arobaini amekuwekea kitu kinachokaribia uzito mara mbili, na hiyo ni ikiwa imeshapata moto. Ikiwa baridi, tofauti inakuwa kubwa zaidi ya hapo.

Land Rover walitaka SAE 90 EP kwenye giaboksi hii, na 80 EP kwa nchi za baridi kali. EP ina maana kwamba oili imewekewa kemikali za kulinda meno ya gia yanapogandamizana kwa nguvu. Kwa Dar, Tanga, Mombasa, 80W-90 inatosha kabisa. Ukiwa Njombe, Makete au Limuru, ambako asubuhi za Juni na Julai zinauma, 75W-90 itakufaa zaidi, kwa sababu ikiwa baridi ni nyepesi na ikipata moto inakuwa na uzito uleule wa tisini.

Ila kama giaboksi ilikuwa inavuja kidogo kwenye tisini, itavuja zaidi kwenye 75W-90 ya sintetiki. Sili mbovu haitengenezwi na oili nzito, inafichwa tu, na mwenye kulipa gharama ya kuificha ni sinkro.

Gia inakwaruza ikiwa baridi na ikiwa ya moto pia

Kwanza hakikisha gari lako lina sinkro kwenye gia hiyo. Mtu ananunua Series II au IIA, anaendesha siku mbili, anapiga simu kwamba namba moja na mbili zimeisha. Hazijaisha. Land Rover za Series I, II na IIA zina sinkro kwenye namba tatu na nne tu. Ni Series III, iliyotoka mwaka 1971, iliyowekewa sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Kwenye zile za kabla yake, kurudi namba mbili kunataka ukanyage klachi, utoe nyutro, uachie klachi, uguse mafuta kidogo, ukanyage tena, ndipo uingize. Madereva wa zamani waliifanya kazi hiyo bila kuiwaza. Hakuna oili itakayokusaidia hapo, ni mguu tu.

Kama sinkro ipo na bado inakwaruza, nataka nikueleze inavyofanya kazi, kwa sababu bila kuijua hutaelewa kwa nini maandishi madogo ya kwenye kopo yana uzito.

Niliwahi kukaa na pete ya sinkro mkononi, mpya, nje ya karatasi yake. Ni pete ya shaba ya njano, kwa nje ina meno madogo, na kwa ndani ina mistari myembamba iliyochongwa kuzunguka, myembamba kama ile ya kwenye kidole gumba. Ukiisugua kwa ukucha inakwaruza. Mistari hiyo ndiyo kazi yote. Unaposukuma mkono wa gia, pete inabanwa kwenye koni ya chuma ya gia, ile mistari inakata utando wa oili, shaba inagusa chuma, na msuguano unaifanya gia na shafti ziende mwendo mmoja. Ndipo meno yanaingiliana bila kelele. Ni breki ndogo sana, inayofanya kazi ndani ya oili.

Kisha nikashika ile kuukuu iliyotoka kwenye giaboksi. Mistari imelala, ndani pamekuwa laini na panang'aa kama pete ya ndoa ya bibi. Breki imeisha.

Sasa rudi kwenye kopo la oili. Utaona GL-4 au GL-5. Hayo ni madaraja ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, na watu wanayasoma kama madaraja ya shule, kwamba tano imefaulu zaidi ya nne. Tofauti yake kubwa ni kwamba GL-5 kwa kawaida ina takribani mara mbili ya kemikali za EP, yaani salfa na fosforasi. Ilitengenezwa kwa ajili ya difu za haipoidi, ambazo meno yake yanateleza kwa kusuguana chini ya mzigo mkubwa. Huko inafanya kazi nzuri sana. Ndani ya giaboksi yenye pete za shaba inaleta matatizo mawili. La kwanza, inateleza mno: pete inabanwa kwenye koni lakini msuguano haupatikani kwa wakati, na wewe unasikia mkwaruzo kana kwamba sinkro imekwisha, kumbe haijaisha. La pili linakuja polepole. Salfa kwenye joto inaishika shaba na kujenga tabaka jembamba lililoshikana sana, na kila pete inapobanwa, tabaka hilo linabanduka na chembe za shaba. Kidogo kidogo mpaka ile mistari inalala.

Watengenezaji wengine siku hizi wanaweka kemikali za kuilinda shaba hata kwenye GL-5, kwa hiyo si kila kopo la GL-5 litakula pete zako. Lakini lile tatizo la kwanza, la kuteleza, linabaki. Na ukikuta kopo limeandikwa GL-4/GL-5 kwa pamoja, lihesabu kuwa ni GL-5 mpaka utakapoona maandishi ya mtengenezaji yanayosema wazi kwamba inafaa giaboksi za mkono zenye sinkro.

Kosa hili linatokea kwa urahisi, na sijui kama ni haki kumlaumu fundi peke yake. Land Rover ina giaboksi kuu, boksi la pili la kugawa nguvu, difu ya mbele na difu ya nyuma. Zote zinaitwa za "oili ya gia". Fundi anatuma kijana akalete galoni moja la lita tano, anamimina kila mahali. Kwa difu, hasa ile ya nyuma ya Salisbury iliyo kwenye 109 za Series III, GL-5 ni sahihi kabisa. Kwa giaboksi, nunua kopo lake. Ni makopo mawili, bei yake inazidi kidogo, na hiyo ndiyo pesa ninayoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote kwenye gari hili.

Kwa hiyo gia ikikwaruza: kama ilianza mara tu baada ya kubadilisha oili, na inakwaruza kwenye gia karibu zote, mwaga hiyo oili, weka GL-4, tembea wiki mbili. Nimeona giaboksi zikipona hivyo. Kama inakwaruza kwenye gia moja tu, mara nyingi namba mbili kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi kwenye matuta na foleni, na ilianza taratibu kwa miezi, hapo pete imeisha na itabidi kufungua. GL-4 itakupunguzia ukali, haitakurudishia shaba.

Giaboksi inalia

Hapa sikio ndilo lenye kazi. Gari limesimama, nyutro, injini inawaka, mguu hauko kwenye klachi. Inalia? Kanyaga klachi. Sauti ikipotea, beringi za shafti ya kuingilia au ya shafti ya chini zimechoka. Sauti ikizuka pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi, na oili ya gia haifiki huko.

Barabarani, kumbuka namba nne ya Land Rover hizi inapita moja kwa moja, shafti ya chini inazunguka bila mzigo. Kwa hiyo gari likilia namba moja mpaka tatu na kutulia namba nne, shafti ya chini ndiyo inayozungumza. Likilia gia zote sawasawa, na hata ukiteleza nyutro kwenye mteremko bado linalia kwa kufuata mwendo wa magurudumu, shuka ukaangalie boksi la kugawa na difu. Boksi la kugawa lina mlio wake wa asili. Mwenye Series anaujua kama sauti ya mtoto wake, na kinachotakiwa kumshtua ni pale unapobadilika.

Kabla ya lolote, pima oili imefika wapi. Giaboksi kuu ya Series III inachukua takribani lita 1.5 tu, na boksi la kugawa lita 2.5. Ukipoteza nusu lita kwenye giaboksi kuu, umepoteza theluthi.

Na tafadhali, usikubali giaboksi yako iwekwe grisi au oili nzito ili inyamaze. Beringi inayolia inakwisha. Ukiinyamazisha itakufa ikiwa kimya, na itakufia mbali na nyumbani. Ukienda kununua Land Rover ya zamani na ukaikuta imenyamaza kupita kawaida, fungua kizibo cha kujazia, chovya kidole.

Gia inaruka yenyewe

Unaachia mafuta kwenye mteremko, namba mbili au tatu inachomoka. Hii si oili. Angalia springi zinazoshikilia mikono ya gia ndani, uchakavu wa bushi na meno, na raba za kuning'inizia injini na giaboksi, ambazo zikichoka zinaiacha giaboksi icheze mpaka gia itoke. Anza na raba, ndizo rahisi.

Oili inapungua, au inadondoka

Kuna mambo matatu hapa ambayo mtu asiyezijua Land Rover atahangaika nayo.

La kwanza ni oili kuhama. Giaboksi kuu na boksi la kugawa zimefungwa pamoja, katikati kuna sili. Sili ikiisha, oili inatoka upande mmoja na kwenda upande wa pili bila tone kuonekana chini. Unafungua kizibo cha giaboksi kuu unakuta imekauka, unafungua cha boksi la kugawa oili inamwagika kama bomba. Kwa hiyo usipime moja bila nyingine. Na hii ni sababu nyingine ya kuweka oili ya aina moja, GL-4, kwenye maboksi yote mawili: zikichanganyika, hakuna kilichoharibika.

La pili ni lile tundu chini ya nyumba ya flaiwili. Linadondosha, mtu anasema giaboksi inavuja. Tundu hilo limewekwa kwa makusudi ili oili ikipita sili isijae kwenye klachi, na lina kizibo chake unachokifunga unapovuka mto na kukitoa ukishavuka. Oili inayotoka hapo inaweza kuwa ya injini, kutoka kwenye sili ya nyuma ya krankishafti, au ya giaboksi, kutoka mbele. Pokea tone kwenye karatasi nyeupe na unuse. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa, kama kiberiti kilichowashwa na kitunguu kilichooza. Ukiishika mara moja huisahau. Ya injini inanuka masizi na ni nyeusi. Karatasi hiyo moja inakuambia ushushe injini au ushushe giaboksi.

La tatu ni kujaza kupita kiasi. Oili inatakiwa ifike mdomo wa tundu la kujazia, gari likiwa sehemu tambarare, iachwe itoke inayozidi, ndipo ufunge. Anayeongeza "kidogo cha akiba" kwa kuinua gari upande mmoja na jeki anaisukuma oili kwenye sili. Vivyo hivyo matundu ya pumzi, hasa ya kwenye aksoli, yakizibwa na tope hewa ya moto inakosa pa kutokea, inatokea kwenye sili.

Soma oili uliyoimwaga

Fungua kizibo cha kujazia kwanza, kabla ya cha kumwagia. Ukimwaga ukakuta cha juu kimeoza na hakifunguki, umebaki na gari lisilo na oili, na huna pa kuiwekea. Mwaga oili ikiwa ya moto, baada ya safari, ndani ya beseni safi, na uitazame juani.

Oili ya kijivu inayong'aa kwa mbali ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Vichembe vya rangi ya dhahabu vinavyoelea ni shaba, pete zako zinasagika. Pitisha sumaku: inayoshikwa ni chuma, na ukipata vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, vya beringi au meno, usijaze tena, fungua. Oili iliyokuwa kama chai ya maziwa imeingia maji. Ulivuka mto, au gari liliegeshwa kwenye mafuriko. Mwaga siku hiyohiyo, maana beringi zinaota kutu hata gari likiwa limesimama.

Kusafisha kwa dizeli au mafuta ya taa sikubaliani nako. Kuna vibonde ndani ya giaboksi ambamo hiyo dizeli inabaki, inaifanya nyepesi oili yako mpya. Jaza oili sahihi ya bei nafuu, tembea kilomita mia au mia mbili, mwaga tena ikiwa ya moto, ndipo uweke ya kudumu.

Kama gari lako si Land Rover

Tafuta kitabu cha gari. Usikisie kwa jirani, kwa sababu wabunifu wa enzi hizo hawakufanana kabisa.

Volkswagen Beetle inaweka giaboksi na difu ndani ya nyumba moja, lita 2.5, namba 90. Ndiyo maana wengine hushawishika kuweka GL-5 kwa ajili ya difu. Wenye uzoefu wa gari hili wanabaki kwenye GL-4, na mimi niko nao. MGB inatumia oili ya injini 20W-50 kwenye giaboksi yake. Mini ya zamani ina giaboksi chini ya injini, na zote mbili zinaogea kwenye oili moja, kwa hiyo ukimiminia oili ya gia umeiua injini. Mercedes W123 ya gia za mkono inataka ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Ukiiwekea tisini, asubuhi ya baridi itakugomea kama ilivyonigomea mimi Mafinga, na utadhani giaboksi imekufa.

Peugeot 404 na 504 za mwanzo zilitumia oili ya injini kwenye giaboksi. Na 404 ina jambo lake la pekee nyuma: difu yake ni ya minyoo, yaani shafti yenye uzi kama skrubu inayozungusha gurudumu la meno la bronzi, na kiwanda kilitaka oili yenye asili ya mafuta ya nyonyo. Difu hiyo ndiyo iliyopita tope na mawe ya Safari Rally na kushinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili za katikati ikiendeshwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam akiwa na Chris Rothwell. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba gari la kazi ngumu lazima liwekewe oili yenye kemikali kali. Bronzi ile ukiipa GL-5 unaila.

Nilivyomaliza ya kwangu

Siku ile ya Mafinga niliiwasha, nikaiacha iungurume nusu saa ikiwa nyutro ili shafti zipashe oili moto, nikaondoka na namba mbili bila kuigusa namba moja, nikarudi Iringa mjini taratibu. Kupata GL-4 kulinichukua maduka manne. Matatu ya kwanza walinipa GL-5 na kuniambia ni ileile. Duka la nne mzee mmoja alipanda ngazi, akashusha kopo lenye vumbi, akaligeuza nyuma, akanisomea mwenyewe.

Tulimwaga chini ya mwembe. Ile mia na arobaini ilitoka kama asali, ilichukua muda mrefu mpaka kukatika, na ndani yake mlikuwa na vichembe vichache vya rangi ya dhahabu, vichache tu. Tukajaza tisini mpaka ikaanza kutiririka kwenye mdomo wa tundu. Baada ya kilomita mia mbili nikamwaga tena, nikajaza upya. Namba mbili bado inataka subira kidogo ikiwa baridi, najua pete yake si ya ujana, nami naisubiri kwenye nyutro kwa pumzi moja kabla ya kuisukuma.

Kisha nikachukua rangi nyeupe na brashi ndogo, nikaandika ubavuni mwa giaboksi, juu kidogo ya kizibo: 90 GL-4, LITA 1.5. Na kwenye difu ya nyuma: 90 GL-5. Fundi yeyote atakayelala chini ya gari hili ataisoma kabla hajamtuma kijana dukani.